Nusu ya Mlango wa Feruzi

Nyumba ya Feruzi pale Ujiji ina ghorofa, madirisha kumi na nane, na nusu ya mlango.

Nusu ya kushoto ni mninga, imechongwa maua na minyororo toka juu hadi chini, na ukiigonga inajibu kwa sauti nzito kama mzee aliyekatiziwa usingizi. Nusu ya kulia ni bati. Limepigiliwa kwenye mbao za kasha la chai, likapakwa rangi ya kahawia ili lifanane na mwenzake, na halijafanana hata siku moja. Mvua ikinyesha, upande mmoja wa mlango unakaa kimya na upande wa pili unapiga ngoma.

Nusu ya kulia ya mti iliibiwa mwaka hamsini na tisa, mchana kweupe, siku ya harusi ya binti wa mwenye nyumba, watu mia tatu wamealikwa. Hakuna aliyeona. Polisi wa mkoloni waliingia kwa maseremala wote, wakafungua mabehewa ya treni, wakapekua hadi chini ya vitanda vya wajane. Ubawa wa mlango, mzito wa kubebwa na wanaume wanne, ukawa umeyeyuka kama barafu. Ujiji kila mtu ana jibu lake. Wapo wanaosema majini. Wapo wanaosema ulinunuliwa na Mgiriki mmoja akautia kwenye meli. Lakini wengi wanasema ni mlinzi. Mlinzi aliitwa Bonaventura, Muha wa Kasulu. Alichapwa, akafungwa miaka mitatu, akatoka, akaoza meno, akazeeka, na hajasema neno.

Sasa huyo Bonaventura ndiye baba yake Yunisi.

Na Yunisi ni mwanamke wa kupenda kujua. Akisikia mtungi umevunjika mtaa wa tatu, atataka kujua ulikuwa na maji ya kisima gani. Habari za mtaa wao wa Rusimbi zote anazo, za kweli na zile zinazoelekea kuwa za kweli. Habari moja tu imemshinda, na inalala chumba cha pili nyumbani kwake. Ameiuliza tangu ana miaka saba. Kila akiuliza, mzee anaomba tumbaku.

Novemba ya mwaka tisini na sita, vita vilikuwa vimewaka ng'ambo ya ziwa, na kila asubuhi mitumbwi ilikuwa ikishusha watu na vyungu vyao. Shirika moja la kuhudumia wakimbizi likaitaka nyumba ya Feruzi iwe ofisi. Mjini kila aliyekuwa na miguu akatembea kwenda kuomba kazi. Edson, mumewe Yunisi, alikuwa amepunguzwa kazi bandarini tangu mwaka juzi, na yeye akaandika barua ya kuomba ulinzi. Yunisi aliisoma, akaisahihisha, akaamua kwenda naye, maana Edson akiulizwa jina lake hulitaja kama mtu anayeomba radhi.

Walipanga foleni kwenye baraza. Mezani alikaa dada mmoja mwenye miwani, Restituta, Mchaga wa Rombo, mkuu wa ofisi. Pembeni yake, kwenye kiti cha kukunja, alikaa Mwinshehe, mjukuu wa Feruzi, kaja toka Dar es Salaam na funguo kiunoni. Walinzi, mkataba ulisema, lazima wawe watu ambao mwenye nyumba hana pingamizi nao. Mama yake Mwinshehe ndiye mwenye nyumba hasa, na angefika kwa treni ya Jumapili kutia sahihi.

Restituta aliisoma barua, akamwangalia Edson mabega, akaridhika nayo. Mwinshehe akainua mkono.

"Huyu ni mkwe wa nani?" akauliza foleni, si Edson.

Foleni ikajibu kwa furaha.

"Basi," alisema Mwinshehe, "nimweke mkwe wa mwizi wa mlango alinde mlango. Hata hii nusu iliyobaki si mtaikuta Nairobi?"

Watu wakacheka. Alicheka hata yule mama wa vitumbua ambaye Yunisi alimkeshea mwanawe mgonjwa. Restituta hakucheka, kwa sababu hakuelewa. Aliuliza mlango gani, akajibiwa na watu saba kwa pamoja, majini na Mgiriki wakiwemo, na Yunisi akamwona anaandika pembeni ya daftari. Halafu akasema kwa upole kwamba nafasi mbili za walinzi zimepatikana, moja imejazwa, ya pili ataifunga Jumatatu, na kwamba kwa hali ilivyo mikono yake imefungwa.

Njiani Edson aliikunja barua mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa haikunjiki tena, akaishika hivyo hivyo ndani ya ngumi hadi Rusimbi. Mezani kwao siku hizo palikuwa na ugali na samaki wa kukaanga ambao Yunisi alishindwa kuwauza. Binti yao Dainess alikuwa amerudishwa kutoka sekondari kwa kukosa ada, akae nyumbani "kidogo", na hicho kidogo kilikuwa na miezi mitano. Kazi ile haikuwa kazi tu.

Yunisi alimpita baba yake uani, amekaa anasokota kamba kwa vidole maana macho yalishapunguza kazi, akasimama mbele yake.

"Baba, ule mlango."

"Mwana wanje," alisema mzee kwa Kiha, "mwanangu, umenipitia na tumbaku?"

*

Nyumbani hapo palikuwa na mtu wa tano. Aliitwa Mwamvita, mama wa makamo, mrefu, mwenye tabia ya kukaa akiangalia ziwani hata akiwa ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Yunisi alimkuta ufukweni Katonga wiki tatu kabla, kati ya mitumbwi miwili iliyopinduliwa, yeye na furushi na sufuria. Yunisi alikuwa ameenda kununua samaki, migebuka ya kukaanga. Akamuuliza jina. Akamuuliza katokea wapi: kijiji kimoja ng'ambo, upande wa Fizi. Kaja na nani: peke yake, kijana wake alibaki nyuma kutafuta mtumbwi mwingine. Amekula: hapana. Maswali yalipoisha ilikuwa saa sita, na mtu huwezi kumuuliza yote hayo halafu ukamwacha pale.

Sheria ilikuwa wazi. Anayevuka anaandikwa, anapelekwa kambini, upande wa Kasulu. Lakini kambini hakuna ziwa, na Mwamvita alitaka awe karibu na maji mpaka kijana wake afike. Kwa hiyo asubuhi anamsaidia Yunisi kupara samaki, na kila mtumbwi ukitia nanga anainuka, anaangalia nyuso, anarudi kukaa. Balozi wa nyumba kumi aliambiwa ni shangazi yake Edson kutoka Kagunga. Balozi alimwangalia juu mpaka chini, akasema Edson mwaka huu ana mashangazi wengi, akaomba samaki wawili, akaenda zake.

Jumamosi Restituta alituma mtu kuagiza chakula cha mchana cha wafanyakazi kumi na wawili. Labda alikuwa na njaa, labda roho ilimsuta. Yunisi hakuchambua. Alikaanga migebuka, akasonga ugali, akamtwika Mwamvita sufuria, wakaenda Ujiji. Njiani Yunisi alieleza kila nyumba waliyoipita: huyu kamwacha mkewe, hawa bomba lao linatoa kutu, hapa kuna binti anatafutiwa mume na hataki. Mwamvita alikuwa akiitikia kwa mguno.

Walipofika mbele ya nyumba ya Feruzi, mguno ukakatika.

Mwamvita alitua sufuria chini, katikati ya njia. Akausogelea ule ubawa wa mninga. Akapitisha vidole kwenye maua yale taratibu, kama mtu anayesoma gizani, akafuata mnyororo uliochongwa mpaka kwenye kona ya chini, pale ambapo fundi aliweka samaki mmoja mdogo amejipinda. Alipomgusa yule samaki akautoa mkono haraka. Akapima upana kwa shubiri. Akasema innalillahi, kwa sauti ya chini kabisa, akajitwika sufuria na kuzunguka nyumba nzima kwenda kuingilia mlango wa uani.

Mwinshehe, ambaye alikuwa dirishani akisubiri kula, aliuliza kama huyo mama wa samaki ana kichaa. Yunisi alisema ni mtu wa heshima tu, hapiti mbele. Chakula kikaliwa. Yunisi, ambaye hajawahi kupakua kitu bila kusema, alipakua kimya, na mtu mmoja alimpakulia ugali mara mbili.

Hakungoja kufika nyumbani. Mita mia moja kutoka pale alimshika Mwamvita mkono.

"Dada, sema."

"Ile mulango minaijua," alisema Mwamvita. "Nusu yake iko kwetu. Iko na samaki kama ule, anaangalia upande ingine. Tunaoshaka maiti juu yake."

Yunisi akakaa kwenye jiwe la mtu.

"Mi nilikuwa na miaka nane," Mwamvita aliendelea, bado amesimama, anaangalia upande wa maji. "Mama alikuwa anapikaka kwa tajiri, Ujiji. Tukaambiwa atarudi baada ya harusi. Mama yangu alirudi nyumbani juu ya mulango."

*

Mzee Bonaventura alikuwa pale pale uani na kamba yake. Walipoingia alisikia miguu ya watu wawili, akasogeza kamba awapishe. Kwa wiki tatu alikuwa anaishi nyumba moja na Mwamvita, wakisalimiana kwa Kiha, amahoro, asubuhi na jioni, na hakuna aliyemuuliza mwenzake katoka wapi hasa. Wakati wa vita watu hawaulizani hivyo. Kwa Yunisi lilikuwa kosa ambalo hakujisamehe: alimuuliza Mwamvita kila kitu, isipokuwa jina la mama yake.

Mwamvita alikaa chini mbele ya mzee, miguu ameikunja upande mmoja, kama mtoto anayekwenda kupewa habari.

"Baba, mi mutoto wa Mwasiti. Mwasiti wa jikoni."

Kamba ikasimama. Kuku alipita, akachungulia, akaenda. Edson alikuwa mlangoni na ndoo, naye akaona heri asiitue.

"Alifika salama?" aliuliza mzee.

Yunisi alitaka kusema kwamba mtu aliyekufa hafiki salama, lakini Mwamvita alikwisha kujibu.

"Alifika, baba. Alilowa miguu tu."

Mzee akatikisa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu. Halafu, bila kuomba tumbaku, akasema yote, kwa maneno machache sana kwa jambo la miaka thelathini na saba.

Siku ile wanaume walikuwa msikitini kwenye nikaha. Wanawake walikuwa uani na bibi harusi. Mbele palibaki yeye peke yake. Mwasiti, mpishi, mlezi wa yule binti tangu kuzaliwa, alikuja kuchukua mchele kwenye ghala lililo kando ya ukumbi, akaanguka juu ya magunia, hakuinuka. Mke wa Feruzi ndiye aliyemkuta. Akamshika Bonaventura kanzu. Msiba ukitangazwa harusi inavunjika, watu wa bwana harusi wametoka pwani siku nne ndani ya treni, na binti akijua Mwasiti kafa hatakubali kuolewa leo wala kesho. Mtumbwi wa Feruzi ulikuwa ufukweni unapakia chumvi kwenda ng'ambo. Mtoe, alisema, apelekwe kwao akazikwe na watu wake, mimi nitamwambia bwana baada ya fungate. Akamwapisha, kwa rozari ya Bonaventura mwenyewe, asimwambie binti.

Mwasiti alikuwa mama mnene. Mkeka haukumfaa. Milango ile haina bawaba, kila ubawa unakaa kwa kijiti juu na kijiti chini, ukiunyanyua kidogo unatoka. Wa kushoto una ule mti wa katikati, mfaa, mgongo wake hauko sawa. Wa kulia ni bapa kama kitanda. Akaita wapagazi wanne wa mtumbwi ule, wakaunyanyua wa kulia. Wakamlaza, wakamfunika mikeka, juu ya mikeka wakapanga sufuria na mito, na wanne hao wakapita nao katikati ya Ujiji saa kumi alasiri. Watu waliwapisha. Wengine waliwashangilia. Siku ya harusi nani anauliza kitanda kinakwenda wapi.

"Ningeurudisha," alisema mzee. "Lakini ng'ambo walishamwoshea juu yake. Mlango uliooshewa maiti unaurudishaje kwenye nyumba ya maharusi? Jioni ile ile ya harusi Feruzi alikuwa ameona haupo. Yule mama alinitazama ninachapwa, akasema subiri. Nikasubiri. Mwaka wa pili nikiwa ndani nikasikia amefariki."

Yunisi alilia, kisha akakasirika, kisha akakumbuka leo ni Jumamosi na Jumatatu iko karibu. Alisema kesho kutwa wanakwenda wote Ujiji kusema. Mzee akasema hapana. Aliapishwa asimwambie yule binti, na yule binti yu hai. Yunisi akamwambia yule binti sasa ana miaka hamsini na tano na mjukuu. Mzee akasema kiapo hakikuwekewa umri. Wakabishana hivyo mpaka Edson akatua ndoo.

Aliyemaliza ni Mwamvita. "Kiapo ni yako, baba," alisema. "Maiti ni yangu."

Yunisi akamvuta pembeni. Aliona ni haki amwambie waziwazi: yule dada wa miwani kazi yake ndiyo hiyo hiyo, kuandika watu. Ukifungua mdomo pale kwamba umevuka juzi, unaandikwa, unaondoka, na ziwa hulioni tena. Unaweza kukaa kimya, nikaenda mimi nikasema niliyosikia. Mwamvita aliwaza kwa muda wa kupara samaki watatu.

"Wewe hawatakuamini," alisema.

Ilikuwa kweli, na haikumfurahisha Yunisi hata kidogo.

*

Jumatatu asubuhi ukumbini palikuwa na Restituta na karatasi zake, Mwinshehe na funguo zake, na Bi Chausiku, mama yake, ameketi kwenye kochi lililo babu wa makochi yote, buibui limekunjwa vizuri, kalamu tayari mkononi. Alikuwa mwanamke mwenye uso wa mtu aliyezoea kungojewa. Yunisi alimpa shikamoo. Edson akatoa shikamoo yake, nusu ikabaki kooni.

Mwinshehe aliinuka kuwatoa. Alisema suala la mlinzi limekwisha, hawa watu wana nini. Yunisi alikuwa amejiandalia hotuba tangu Jumamosi, ina mwanzo, ina kati, ina sehemu ya kumnyamazisha Mwinshehe. Hakuifikia. Alisema tu, "Bibi, tumekuja kwa habari ya Mwasiti," na kalamu ya Bi Chausiku ikawekwa mezani.

"Mwasiti alinikimbia," alisema Bi Chausiku.

Akasema bila kuangalia mtu. Kwamba aliambiwa Mwasiti amesusa, hakupenda zawadi aliyopewa, akapanda mtumbwi wa chumvi kwenda kwao siku ile ile, bila kuaga. Mtu aliyemnyonyesha, aliyemsuka, aliyemwambia nitakushika mkono ukitoka chumbani. Wengine wote katika nyumba hii, alisema, waliulizana mlango umekwenda wapi. Yeye alijiuliza Mwasiti alikwenda kwa nini. "Miaka thelathini na saba nimemnunia yule mwanamke."

Mwamvita, aliyekuwa nyuma ya Edson, akasogea mbele. Alisema yale aliyoyasema njiani, kwa maneno yale yale, hakuongeza. Alipomtaja samaki mdogo aliyejipinda, anayeangalia upande mwingine, Bi Chausiku akainuka.

"Nani alimtoa?"

Hapo ndipo wote wakagundua kwamba mzee Bonaventura yuko nje. Alisema haji, alikataa asubuhi mbele ya mashahidi, na alikuwa amewafuata kwa mguu toka Rusimbi akipapasa njia kwa fimbo. Alisimama barazani, hatua moja kutoka kizingitini, na haikuonekana kama anakusudia kuivuka hiyo moja. Bi Chausiku akamwendea.

"Bonaventura. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na hina mkononi, bibi."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa jela."

Restituta alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Bi Chausiku alimshika mzee kiwiko, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kochi pale alipokuwa amekaa yeye, naye akakaa chini mkekani na Mwamvita.

Mwinshehe ndiye aliyezinduka wa kwanza, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu ya mji. Ndoa ya wazazi wake ilifungwa maiti akiwa kwenye ghala. Ujiji ingelitafuna hilo mpaka Ramadhani mbili mbele. Akamgeukia Edson kwa sauti mpya, laini. Kazi umepata, alisema, anza Jumatano. Ila haya yaishie humu ndani.

"Baba yangu alikwisha kuishia ndani kwa hayo," alisema Yunisi. "Unataka na mume wangu tena?"

Bi Chausiku akasema kutoka mkekani kwamba Ijumaa, msikiti ukitoka, atasema mwenyewe barazani, nani aliiba na nani hakuiba.

Ndipo Restituta akavaa miwani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asisikike. Alimuuliza Mwamvita alivuka tarehe ngapi, na ameandikwa wapi. Chumba kikajua jibu kabla ya Mwamvita. Restituta alisema kama asingesikia yangepita, lakini amesikia, na amekaa mezani pa kazi yenyewe. Lori linaondoka hapa hapa Jumatano. Bi Chausiku alisema huyu ni ndugu yake, atakaa naye, nyumba ina vyumba. Restituta akaeleza sheria. Akaieleza vizuri, mara mbili, na mara ya pili alikuwa anaangalia sakafu.

"Na kijana yangu?" aliuliza Mwamvita.

"Nitakwenda Katonga kila siku," alisema Yunisi. "Nitauliza kila mtumbwi. Nitauliza mpaka wavuvi wahame."

Walioishi naye mtaa mmoja wangekubali kwamba hiyo haikuwa ahadi ndogo.

*

Jumatano saa tatu Edson alikuwa getini, sare imemzidi mikono, kofia imemzidi kichwa, filimbi imemning'inia kifuani. Yunisi alikuja kumsindikiza Mwamvita na akabaki kuangalia sare. Lori lilikuwa limejaa. Restituta alisimama na orodha, anaita majina, na anayeitwa anapanda. Mwamvita alipanda na furushi, sufuria, na mfuko wa migebuka mikavu ambao Yunisi hakutaka kuujadili.

Bi Chausiku akatoka ndani. Amevaa buibui la safari na raba za mjukuu wake. Akaenda moja kwa moja nyuma ya lori, akainua mguu, mguu haukufika.

Restituta akasema mama, hili lina watu wa orodha tu. "Niandike," alisema Bi Chausiku. Restituta akasema anaowaandika ni wakimbizi. Bi Chausiku akamwambia aandike anachotaka, yeye anamsindikiza mgeni wake mpaka atakapolala, auone mlango wa hema unafungwaje, kesho atarudi. Mama yake huyu aliondoka nyumba hii bila mtu wa kumsindikiza hata hatua kumi. Halirudiwi hilo.

Mwinshehe alitoka mbio, ndala mguu mmoja tu. Alipoona mama yake ananing'inia kwenye lori la wakimbizi mbele ya Ujiji yote, akamgeukia yule aliyekuwa karibu na ambaye kwa hesabu zake alikuwa mtu wake.

"Mlinzi, mteremshe."

Yunisi alimjua mumewe. Kazi ilikuwa na saa moja na nusu. Dainess alikuwa amepiga pasi sketi ya shule. Edson aliangalia geti, akamwangalia Mwinshehe, akamwangalia yule mama aliyekuwa amekwama mguu mmoja juu mmoja hewani, heshima zote zimebaki chini. Akavua kofia, akamkabidhi Mwinshehe aishike. Halafu akainama, akaweka bega chini ya Bi Chausiku, akasema samahani mama, akasukuma.

Bi Chausiku akapanda kama gunia la chumvi, akaangukia kwenye mikono ya Mwamvita, na lori zima likapiga makofi. Alijiweka sawa, akamtazama mwanawe kutoka juu. Alisema nyumba ni yake, sahihi ni yake, na huyo mlinzi ni wake pia, amrudishie kofia yake.

Dereva akawasha. Edson alikuwa bado ameshika ubao wa nyuma akiufunga, na Yunisi akaona Bi Chausiku amemwinamia Mwamvita, anamuuliza kitu sikioni, na Mwamvita anajibu, anajibu kwa kirefu, na Bi Chausiku anaanza kucheka huku machozi yanamtoka, anauliza tena. Yunisi alisogea. Injini ikanguruma. Akakimbia hatua kadhaa na kanga yake ikamfunguka, akaishika kwa mkono mmoja, lori likakata kona ya sokoni likaenda nayo yote waliyokuwa wanasema.

Alirudi anahema. Edson alikuwa amevaa kofia, ameshafunga geti.

"Ulikuwa karibu," alisema Yunisi. "Kamuuliza nini?"

Edson alinyoosha mikono ya sare iliyomzidi.

"Hayo ya kazini, mama Dainess."

Yunisi alimtazama akidhani anatania. Edson hakuwa anatania. Alikuwa anaangalia mbele, njiani, kama wanavyoangalia walinzi. Yunisi akasimama pale na kanga yake mkononi, mwanamke aliyelelewa na mlinzi mmoja na sasa ameolewa na wa pili, akahesabu ni miaka mingapi safari hii itamchukua kupata jibu. Kisha akakumbuka mitumbwi ya saa nne, akafunga kanga, akashika njia ya Katonga.